Ahadi za Paris, fedha za COP na biashara ya kaboni: nini ni nini?

Novemba ikikaribia, lugha ya taarifa za habari hubadilika. Ghafla tunasikia COP, NDC, hewa ukaa, nyuzi joto 1.5, Kifungu cha 6, hasara na uharibifu. Mawaziri wanapanda ndege, picha ya pamoja inapigwa, na wakirudi mwananchi anaambiwa kwamba fursa ni nyingi. Huku kijijini kaja mtu na karatasi mkononi, anasema msitu wenu unaweza kuuza kaboni kwa miaka thelathini. Kwenye makundi ya WhatsApp maneno yameshasambaa: nchi imeuzwa, Waarabu wamechukua misitu, Wazungu wanataka oksijeni yetu.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba mambo matatu yanasemwa kana kwamba ni jambo moja. Kuna ahadi za nchi za kupunguza uchafuzi. Kuna fedha ambazo nchi tajiri zimeahidi kuzitoa. Na kuna biashara ya kaboni. Yote yametoka kwenye ukoo mmoja wa mikataba, lakini kila moja lina taratibu zake, na anayepima moja kwa sheria za jingine hupotea njia mapema sana.

Tuanze na kinachohesabiwa.

Gesijoto ni jina la jumla la gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke kirahisi kwenda anga za juu. Iliyo muhimu zaidi katika mazungumzo haya ni kaboni dayoksaidi, ambayo wengi tumezoea kuiita hewa ukaa. Inatoka kwenye petroli, dizeli, makaa ya mawe na gesi asilia, na vilevile kwenye misitu inayofyekwa na kuchomwa. Nyingine ni methani, ya mifugo inayocheua, ya majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, ya madampo. Ukichukua kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani inaongeza joto takriban mara 28 ya tani moja ya hewa ukaa. Ili hesabu zisigombane, gesi zote hubadilishwa kuwa tani za hewa ukaa. Ndiyo maana mradi wa kunasa methani ya dampo nao utasikia unaitwa mradi wa kaboni.

Tani moja ya hewa ni kiasi gani? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.3 hivi. Wengi wakisikia hivyo hukataa, kwa sababu lita yenyewe ya petroli haifikishi hata kilo moja. Uzito wa ziada unatoka hewani: kaboni iliyomo kwenye mafuta inapoungua hushikana na oksijeni, na oksijeni nayo ina uzito wake. Kwa hiyo lita kama 430 za petroli zinatosha kutoa tani moja. Mwenye daladala anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe.

Jambo moja la pembeni kabla ya kwenda mbele, maana linajitokeza hata kwenye majibu ya mitihani: joto la dunia halisababishwi na tundu la ozoni. Ozoni ina mkataba wake, Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyolenga gesi za majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia. Hata hivyo anayechanganya ana sababu. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kuifanyia itifaki hiyo marekebisho, ili kupunguza gesi mpya za majokofu na viyoyozi ambazo haziiharibu ozoni lakini ni gesijoto kali sana. Kwa hiyo Marekebisho ya Kigali ni hatua ya tabianchi iliyowekwa ndani ya mkataba wa ozoni.

Kutoka Rio hadi Paris

Mkataba mama ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi. Ulifunguliwa kwa ajili ya kusainiwa Rio de Janeiro mwaka 1992, ukaanza kutumika Machi 1994, na umefikisha wanachama 198, karibu dunia nzima. COP ni mkutano wa wanachama wa mkataba huo, na namba inayofuata ni ya kikao tu. Cha kwanza kilikuwa Berlin mwaka 1995, cha 12 Nairobi mwaka 2006, cha 30 Belém, Brazil, Novemba 2025. COP haina jeshi, haina mahakama, na maamuzi yake hupitishwa kwa maelewano ya wote. Ukisikia kikao kimepitiliza siku mbili na wajumbe wamelala kwenye viti, sababu ni hiyo: nchi chache zikikaza shingo, kazi husimama.

Mkataba mama uliweka msingi ambao bado unagombaniwa mpaka leo: wajibu ni wa wote, lakini uzito wake haulingani, kwa kuwa walioanza zamani kuchoma makaa ya mawe wamechangia zaidi na wana uwezo zaidi. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliuchukua msingi huo kwa ukali. Nchi za viwanda peke yake ndizo zilizopangiwa viwango vya lazima, kwa pamoja kushuka takriban asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika miaka ya 2008 hadi 2012. Tanzania, Kenya, India na hata China hazikupangiwa kitu. Marekani ilisaini lakini haikuridhia. Canada iliridhia, ikaona mzigo ni mzito, na mwaka 2011 ikatangaza kujitoa. Kyoto ilikuwa na viwango vya lazima na adhabu kwenye karatasi, na bado aliyetaka kuondoka aliondoka.

Paris, Desemba 2015, walifanya kinyume. Anayefahamu kamati ya harusi ataelewa upesi. Kyoto ilikuwa kama kamati inayowapangia matajiri wa ukoo kiwango cha kutoa huku wengine wakila bure. Paris kadi zinagawiwa kwa kila mtu, na kila mtu anajaza ahadi yake kwa mkono wake. Katibu anasoma majina na viwango mbele ya kikao. Kila baada ya muda kadi zinajazwa upya, na hutarajiwi kuandika pungufu ya ulichoandika mwanzo. Kuwa na kadi ni lazima. Kuijaza upya kila miaka mitano ni lazima. Kutoa taarifa ya ulipofikia ni lazima. Lakini ukishindwa kutimiza kiwango ulichokiandika, hakuna askari wa kuja kukugongea mlango. Kuna kusomwa mbele za watu.

Kadi hiyo ndiyo NDC, mchango ambao nchi imejipangia yenyewe. Kila miaka mitano hujumlishwa ahadi zote na utekelezaji wake kuona kama shughuli itafanyika. Tathmini ya kwanza ilikamilika Dubai mwaka 2023, na jumla haikutosha. Lengo la Paris ni kulizuia ongezeko la joto libaki chini kabisa ya nyuzi 2 likilinganishwa na enzi za kabla ya viwanda, na kujitahidi lisizidi 1.5. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa dunia kuvuka 1.5 kwa mwaka mzima wa kalenda, na wapo waliotangaza kwamba Paris imekufa. Si sahihi: lengo linahusu wastani wa muda mrefu, wa miongo, na mwaka mmoja ni onyo. Japo kwa mwendo huu onyo hilo linaelekea kuwa kawaida.

Kuna mtego kwenye kusoma ahadi. Tanzania iliahidi kupunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030. Kenya iliahidi asilimia 32 kwa mwaka huohuo. Umoja wa Ulaya uliahidi angalau asilimia 55. Ukiziweka kwenye jedwali moja utadhani zinapima kitu kimoja. Ulaya inapima kutoka kiwango halisi cha mwaka 1990. Tanzania na Kenya zinapima kutoka kwenye makadirio, yaani gesi ambayo ingetolewa mwaka 2030 kama mambo yangeachwa yaende yenyewe. Kwa hiyo Kenya inaweza kutoa gesijoto nyingi kuliko ilivyotoa jana na bado ikawa imetimiza ahadi. Hilo si udanganyifu, kwa sababu nchi ambayo bado inasambaza umeme vijijini haitegemewi kushuka kama Ujerumani. Ila waandishi wa habari tungewatendea haki wasomaji kama tungeitaja tofauti hiyo. Kenya vilevile ilisema wazi kwamba ingebeba asilimia 21 ya gharama za kupunguza, na sehemu iliyobaki ingetegemea msaada kutoka nje. Kadi yao ina maandishi madogo chini.

Je, bomba la mafuta limekatazwa na Paris?

Swali hili limeulizwa sana Tanga na Hoima. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, na mitaani ikasemwa kwamba Uganda na Tanzania zimevunja Mkataba wa Paris.

Mkataba wa Paris hautaji mradi wowote na haukatazi nchi kuchimba mafuta. Azimio la Bunge la Ulaya lilikuwa la Bunge la Ulaya. Zaidi ya hapo, gesijoto huhesabiwa mahali inapotolewa. Mafuta ya Hoima yakichomwa kwenye magari ya nchi nyingine, moshi huo unaingia kwenye daftari la nchi hiyo nyingine. Uganda na Tanzania zinaandikiwa gesi ya uchimbaji, ya kulipasha bomba joto na ya shughuli zinazofanyika ndani ya mipaka yao. Kwa utaratibu huohuo, nchi inayouza mafuta mengi nje inaweza kuwa na daftari safi nyumbani. Wengi hawaupendi utaratibu huu, na nadhani wana hoja, lakini ndio uliopo.

Dubai mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, uamuzi wa COP uliandika wito wa kuondoka kwenye nishati za kisukuku zote, yaani makaa, mafuta na gesi, katika mifumo ya nishati. Ni wito. Kisha Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ikatoa maoni ya kisheria, kufuatia kampeni iliyoongozwa na Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi na kwamba kujaza kadi kiholela hakutoshi. Maoni hayo hayafungi nchi kama hukumu, lakini mawakili duniani kote wanayanukuu. Wanaolipinga bomba wana hoja za ardhi, za fidia ya mashamba na za mazingira zinazostahili kujibiwa moja moja. Hoja ya kwamba Paris imelipiga marufuku haimo.

Fedha zilizoahidiwa

Copenhagen mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika linalounganisha zaidi nchi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baadaye. Baku, Novemba 2024, likakubaliwa lengo jipya: angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimedai zaidi ya trilioni moja, na ukumbi uliondoka umenuna.

Anayesikia bilioni 100 hufikiria zawadi. Zaidi ya nusu ya fedha za serikali na benki za maendeleo zinazohesabiwa humo ni mikopo, inayotakiwa kurudishwa, mara nyingi pamoja na riba. Nchi iliyokumbwa na mafuriko inaweza kujikuta inalipia tuta la kuzuia mafuriko yajayo kwa deni jipya. Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani imepata fedha za tabianchi, swali la kwanza ni kama atakayelipa ni mjukuu wako.

Fedha hizi zina matumizi ya aina mbili. Kupunguza ni kuzuia gesi isitoke: jotoardhi ya Olkaria, mabasi ya umeme, majiko yanayotumia kuni chache. Kuhimili ni kujipanga kuishi na madhara ambayo yameshafika: mbegu zinazovumilia ukame, visima, mifumo ya tahadhari. Ukuta wa bahari ulio kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam ni kazi ya kuhimili. Haupunguzi hata gramu moja ya gesi, kazi yake ni kuzuia mawimbi yasiilambe barabara. Wafadhili wanapenda zaidi kupunguza, kwa sababu mtambo wa umeme unauza umeme na mkopo unarudi. Ukuta hauuzi kitu.

Kuhimili nako kuna mwisho. Nyumba ikishasombwa, shamba likishaingiwa na chumvi, hapo tunaingia kwenye hasara na uharibifu. Nchi maskini zilidai mfuko wa jambo hili kwa miaka mingi, zikaupata Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na Dubai mwaka 2023 ukaanza kupokea ahadi: Falme za Kiarabu dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17.5. Vyombo vingi vilitangaza kwamba Ulaya na Marekani zimekubali kulipa fidia. Hazijakubali. Uamuzi uliopitishwa pamoja na Mkataba wa Paris ulisema waziwazi kwamba kifungu cha hasara na uharibifu si msingi wa kudai dhima wala fidia, na nchi tajiri zisingesaini bila sentensi hiyo. Kwa hiyo familia iliyopoteza nyumba kwenye mafuriko ya mwaka 2024 huko Rufiji au Mathare haina dirisha la kupeleka madai. Mfuko unapokea maombi ya miradi na mipango ya nchi, na kilichoahidiwa ni kidogo mno kikipimwa na hasara zenyewe.

Na sasa biashara ya kaboni

Hapa ndipo vijiji vimo moja kwa moja, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Kinachouzwa si hewa. Si oksijeni, si miti, si ardhi. Kinachouzwa ni haki ya kusema "tani hii nimeipunguza mimi". Kampuni au nchi inayotoa gesi mahali fulani inalipa ili tani nyingine isitoke, au inyonywe na miti, mahali pengine. Ushahidi wake ni hati ya kaboni, hati moja kwa tani moja, yenye namba yake kwenye daftari la mtandaoni. Mnunuzi akishaitumia kujisafishia hesabu, hati inafutwa na haiuzwi tena. Hakuna ndege inayokuja kubeba kitu, na hilo ndilo linalowatia watu shaka: unauza kitu ambacho hakiondoki.

Mfano wa kuangalia kwa karibu uko Gazi, kaunti ya Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hati kupitia Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, kwa kulinda hekta 117 za mikoko na kupanda mingine. Kupima ni kazi ya kuingia topeni na utepe. Mti wa kawaida hupimwa mzunguko kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi ya kuning'inia ukiupima hapo utazungushia utepe kwenye tundu la mizizi, kwa hiyo unapanda hadi juu ya mzizi wa mwisho ndipo unapima shina. Kutoka kwenye unene na urefu wanakadiria uzito wa mti ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Ukiizidisha kaboni kwa 3.67 unapata hewa ukaa ambayo mti umeifungia. Mradi unauza tani kama 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo hilo lilileta zaidi ya dola 10,000 kila mwaka, na wanakijiji wakazielekeza kwenye maji na shule. Hizo si fedha za kumtajirisha mtu. Ni fedha za tangi la maji na vitabu, na nadhani ni heri kila kijiji kiambiwe hivyo mapema kuliko kuahidiwa mabilioni.

Tanzania, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, nao wamekuwa wakiuza kwa kulinda misitu iliyopo. Hapa hesabu inakuwa ngumu kidogo. Msitu ambao haujakatwa unauzaje upungufu? Mradi unakadiria miti mingapi ingekatwa kama mradi usingekuwepo, kisha unauza tofauti. Kila kitu kinategemea makadirio hayo. Ukisema msitu ungeisha wote katika miaka kumi, utapata hati nyingi sana kwa kuzuia janga ambalo huenda lisingetokea. Mkaguzi makini atauliza pia kama wakata mkaa hawajahamia tu bonde la pili, na nani atarudisha fedha moto ukipita mwaka wa kumi na tano. Januari 2023 uchunguzi wa magazeti ya The Guardian na Die Zeit pamoja na SourceMaterial, shirika la uandishi wa uchunguzi, ulidai kwamba sehemu kubwa sana ya hati za misitu ya mvua zilizothibitishwa na shirika la Verra hazikuwakilisha upungufu wowote wa kweli. Verra ililikataa dai hilo na njia iliyotumika kulifikia. Tangu hapo wanunuzi wamekuwa waoga, na miradi mizuri imeumia pamoja na mibovu.

Soko la namna hii huitwa la hiari. Wanunuzi ni kampuni zinazotaka kujisifu, na Paris haihusiki moja kwa moja. Lakini Mkataba wa Paris una soko lake, kwenye Kifungu cha 6, ambacho kanuni zake zilichukua miaka tisa kukamilika, kutoka Paris 2015 hadi Baku 2024. Humo nchi inaweza kuiuzia nchi nyingine tani moja kwa moja. Hati za kwanza za aina hii zilikwenda Uswisi mwanzoni mwa mwaka 2024, zikitokana na mabasi ya umeme ya Bangkok.

Na hapa kuna sheria ambayo ningependa kila diwani aijue. Uswisi ikishainunua tani ya Bangkok na kuiingiza kwenye kadi yake, Thailand lazima iiongeze tani hiyo kwenye hesabu yake, kana kwamba mabasi yale bado yanatoa moshi. Huwezi kuuza mbuzi na bado ukamhesabu zizini. Huitwa marekebisho ya hesabu, na bila hayo tani moja ingesomwa mara mbili. Kwa hiyo serikali ya Tanzania au Kenya ikiuza tani nyingi chini ya Kifungu cha 6, itabaki na kazi ya kutimiza ahadi yake kwa tani nyingine. Zinazouzwa kwanza huwa ndizo rahisi, majiko banifu na misitu. Zinazobaki nyumbani ni za viwanda vya saruji na usafiri, ambazo kuzipunguza ni ghali. Nchi isiyo makini inaweza kuuza za rahisi kwa bei ya kutupa, kisha ikaja kukopa ili itimize ahadi yake yenyewe.

Ndiyo maana tani za Kifungu cha 6 haziuzwi bila barua ya idhini ya serikali, na kijiji hakiwezi kuitoa. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023: mradi wa ardhi ya jamii uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na mradi usio wa ardhi asilimia 25. Soma sentensi mpaka mwisho, kwa sababu mapato hayo ni baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa kidogo sana ikiwa gharama zinaandikwa na mwenye mradi mwenyewe na hakuna wa kuzikagua.

Tukirudi kwenye uvumi wa kuuzwa kwa nchi: mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitangaza makubaliano ya awali na nchi kadhaa za Afrika, yakiwemo ya Tanzania yaliyotajwa kuhusu takriban hekta milioni 8. Makubaliano ya awali hayahamishi umiliki wa ardhi. Walioogopa hata hivyo hawakuwa wajinga. Mradi wa kaboni haukunyang'anyi hati ya ardhi, lakini unaweza kukupangia lini uchunge, wapi ukate nguzo na moto uwashwe au usiwashwe, kwa miaka thelathini au arobaini, na kwa mfugaji hilo ndilo linalompa ardhi maana. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, ikiwemo Biliqo Bulesa iliyokuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za malisho kaskazini mwa Kenya, zilianzishwa kinyume cha sheria kwa kukosa ushirikishaji wa wananchi. Kesi haikugusa kipimo cha kaboni. Iliuliza nani aliitwa mkutanoni na alikubali nini.

Kwa kijiji kinachoketi leo na mtu mwenye karatasi, kuna kipengele kimoja cha mkataba kinachosahaulika kirahisi. Tani yenye barua ya idhini ya serikali huwa na bei kubwa kuliko isiyo nayo, kwa kuwa nchi au shirika la ndege linaweza kuitumia kutimiza wajibu wake rasmi. Mkataba uliosainiwa kabla barua haijatoka, ukiwa na bei moja iliyofungwa kwa tani, unaipeleka tofauti hiyo yote kwa mwendelezaji, yaani kampuni inayoendesha mradi. Kipengele kinachosema nyongeza ya bei inagawanywa vipi ni sentensi mbili tu, na wakati wa kuiweka ni kabla mwenyekiti wa kijiji hajagonga muhuri.